Kuwaandaa Walimu wa Sayansi Kufundisha kwa Mbinu Zilizothibitishwa na Utafiti: Mwongozo Kamili kwa Idara za Shule za Sekondari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara za sayansi, wataaluma, waratibu wa mafunzo kazini na wakufunzi wa vyuo vya ualimu nchini Tanzania waliokabidhiwa kazi ya kuwaandaa walimu wa fizikia, kemia na baiolojia. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: mwalimu habadiliki kwa kuelezwa mbinu. Hubadilika pale anapofundishwa yeye mwenyewe kwa mbinu hiyo, akaijaribu mbele ya wenzake kwa muda mfupi, kisha akashuhudia wanafunzi wake wanavyofikiri juu ya mada aliyokwisha kuifundisha mara nyingi. Semina ya siku tatu inayotolewa kwa mhadhara haiwezi kufanya kazi hiyo, hata kama mada yake ni ufundishaji shirikishi na hata kama mwezeshaji wake ni bingwa.

Kwanza tuuangalie ushahidi, kwa sababu mwalimu mwenye uzoefu ana haki ya kuuliza kwa nini aache njia iliyomfikisha alipo. Mwaka 1998 Richard Hake wa Marekani alichapisha ulinganisho wa kozi 62 za fizikia ya mwanzo zilizokuwa na wanafunzi zaidi ya 6,000. Kila mwanafunzi alipimwa uelewa wa dhana kabla na baada ya kozi. Katika madarasa ya mhadhara wa kawaida, wanafunzi kwa wastani walipata asilimia 23 tu ya kile ambacho wangeweza kukipata juu ya walichokuwa nacho mwanzoni, ilhali katika madarasa ambayo wanafunzi walijadili, walitabiri na kupewa mrejesho papo hapo, wastani huo ulikuwa asilimia 48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba waliofeli katika madarasa ya mhadhara walikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa ya ujifunzaji tendaji walikuwa asilimia 21.8. Tafiti hizo kwa sehemu kubwa ni za vyuo na vyuo vikuu, wala hazikufanyika katika kidato cha pili chenye wanafunzi 80 na maabara isiyo na maji ya bomba. Kwa hiyo hatupaswi kunakili mbinu hizo kama zilivyo. Tunachochukua ni kiini chake, yaani mwanafunzi afikiri, aseme anachofikiri, akutane na ushahidi, apate mrejesho mapema, kisha tukijaribu kiini hicho katika mazingira yetu na kukipima wenyewe.

Hatua ya kwanza: Chagueni mbinu chache, na kila muhula uwe na mbinu yake

Kosa linalorudiwa zaidi katika mafunzo ya walimu ni kuwapa mbinu kumi na mbili kwa mkupuo. Mwalimu anarudi na daftari lililojaa majina ya mbinu bila kuwa na hata moja aliyoimudu. Idara ichague nne tu kwa mwaka mzima. Ninazozipendekeza ni hizi: kuchunguza mawazo ya awali ya wanafunzi kabla ya kufundisha mada; mfuatano wa tabiri, chunguza, eleza katika kila jaribio; kuuliza swali na kusubiri; na swali la kura linalofuatwa na mjadala wa wawili wawili. Zote nne hazihitaji fedha nyingi, zinawezekana katika darasa kubwa, na kila moja ina utafiti wa miaka mingi nyuma yake.

Kazi ya makundi ya watu wanane wanane sikuiweka, ingawa ndiyo inayohimizwa sana. Katika darasa lenye madawati yaliyobanana, kundi la namna hiyo huwa na wanafunzi wawili wanaofanya kazi na sita wanaonakili, na mwalimu asiyekuwa bado na ustadi wa kuuliza maswali hawezi kuliokoa. Jozi zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya pili: Tengeni muda kwenye ratiba ya shule

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, umekwisha kuweka msingi mzuri kwa kuzitambua jumuiya za ujifunzaji za walimu ndani ya shule na katika vituo vya walimu. Itumieni nafasi hiyo badala ya kuanzisha kitu kipya chenye jina jipya. Mkuu wa idara amwombe mkuu wa shule saa moja kila wiki, siku ileile, ambayo mwalimu yeyote wa sayansi hapangiwi kipindi. Saa hiyo iandikwe kwenye ratiba kuu iliyobandikwa ofisini, kwa sababu kikao kinachosubiri walimu wapate nafasi hakifanyiki. Mtaaluma ahusishwe tangu siku ya kwanza, na mthibiti ubora anayeihudumia shule apewe nakala ya mpango, ili atakapofika darasani akakuta wanafunzi wakibishana asidhani kwamba mwalimu ameshindwa kulituliza darasa.

Mwezeshaji asiwe mgeni. Mwalimu mmoja wa idara, anayeheshimiwa kwa kazi yake na asiye na tabia ya kuwaaibisha wenzake, anafaa kuliko mtaalamu anayekuja mara moja. Walimu wakongwe wa idara watafutwe mmoja mmoja kabla ya kikao cha kwanza na kuombwa mchango wao, kwani wao ndio wanaojua ni mada zipi wanafunzi huziangukia kila mwaka. Mwalimu kijana akianza kwa kutangaza mbele ya wote kwamba njia za zamani hazifai, atakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Hatua ya tatu: Kusanyeni mawazo ya wanafunzi wenu wenyewe

Hapa ndipo pa kutulia kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970 na 1980, watafiti kama Rosalind Driver wa Leeds walionyesha kwamba mwanafunzi haingii darasani akiwa mtupu. Anaingia na maelezo yake kuhusu joto, nguvu, mwanga na uhai, maelezo aliyoyajenga kutokana na maisha, na ambayo hustahimili mafundisho ya kawaida. Anaweza kukariri jibu la mtihani na bado akabaki na imani yake ileile. Kumweleza mwalimu jambo hilo ni rahisi, lakini haliaminiki mpaka aone karatasi za darasa lake.

Kila mwalimu wa idara, kwa wiki moja, aulize swali moja tu katika kidato ambacho tayari kimesoma mada husika. Kwa baiolojia, swali linalofaa ni hili: mbegu ya embe ina gramu chache, lakini mwembe uliokomaa ukikatwa na kukaushwa hutoa mbao zenye uzito wa mamia ya kilo, je, sehemu kubwa ya uzito wa mbao hizo kavu ilitoka wapi? Machaguo yawe udongo, maji, hewa na mwanga wa jua, na chini yake kuwe na mistari mitatu ya kueleza sababu. Mistari hiyo ni muhimu kuliko herufi iliyochaguliwa.

Wanafunzi waliokwisha kuandika mlinganyo wa usanisinuru kwa usahihi mara nyingi huchagua udongo. Sababu zao zina mantiki: mkulima huweka mbolea, mizizi imo ardhini, mwalimu wa kilimo amesema mmea hupata virutubisho kutoka udongoni. Wengine huchagua mwanga, kana kwamba nishati ya jua imegeuka kuwa mbao. Wachache ndio wanaosema hewa, na baadhi yao hawaamini wanachokisema, kwa sababu hewa kwao haina uzito. Jibu sahihi ni hewa: karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kaboni hiyo imetoka katika kabonidayoksaidi iliyoingia kupitia matundu ya majani, huku haidrojeni ikitoka katika maji. Mchango wa madini ya udongo ni mdogo, nao ndio huo tunaouona katika jivu linalobaki kuni zikishaungua.

Katika kikao cha wiki, walimu wasisahihishe karatasi hizo kwa vema na kosa. Wazipange mezani katika mafungu kulingana na sababu zilizotolewa, wayape mafungu hayo majina, kisha wajiulize kila fungu limejengwa juu ya uzoefu gani na ni ushahidi gani ungemfanya mwenye mawazo hayo atilie shaka msimamo wake. Kwa fungu la udongo, ushahidi mmoja una umri wa karibu miaka 400. Jan Baptista van Helmont wa Brussels alipanda mti mchanga wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifika ratili 169, na udongo ulipokaushwa tena na kupimwa ulikuwa umepungua kwa kiasi cha gramu 60 hivi. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hilo nalo linafaa kujadiliwa darasani, kwa kuwa linamwonyesha mwanafunzi kwamba vipimo sahihi vinaweza kufasiriwa vibaya pale sehemu ya maarifa inapokosekana.

Karatasi zihifadhiwe kwenye faili la idara, zikiwa na tarehe na jina la mada bila majina ya wanafunzi. Baada ya mwaka mmoja faili hilo litakuwa nyenzo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuwapa, kwa sababu ni mawazo ya wanafunzi wa shule hiyo.

Hatua ya nne: Mwalimu akae kwenye dawati kwanza

Kabla mwalimu hajatakiwa kufundisha kwa mfuatano wa tabiri, chunguza, eleza, apitishwe humo yeye mwenyewe. Mfuatano huo uliendelezwa na Richard White na Richard Gunstone wa Australia. Mwanafunzi anaandika utabiri wake pamoja na sababu, anatazama jaribio na kuandika alichokiona, kisha anaeleza tofauti kati ya alichotabiri na kilichotokea. Kuandika utabiri kabla ya jaribio ndiko kunakofanya kazi. Asiyeandika husema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Mada ya umeme inafaa kwa kikao cha kwanza, kwa kuwa hata mwalimu wa baiolojia au kemia anaweza kushiriki. Mpeni kila mshiriki betri moja kubwa ya volti 1.5, balbu moja ya tochi ya waya mwembamba, na kipande kimoja cha waya wa shaba chenye urefu wa sentimita 15 hivi kilichomenywa ncha zote mbili. Msiwape kishikio cha balbu wala swichi. Kazi ni kuiwasha balbu. Jihadharini mnaponunua: tochi nyingi zinazouzwa sasa ni za LED, na balbu hizo hazitawaka kwa betri moja ya volti 1.5, tena hutegemea upande upi umeunganishwa na chanya, hivyo zitavuruga somo zima. Balbu za zamani za volti 1.5 au 2.5 hupatikana kwa kuulizia katika maduka ya vifaa vya umeme, na dazeni moja ikitunzwa vizuri hutumika kwa miaka.

Baadhi ya walimu watagusisha ncha ya chini ya balbu na betri, kisha waya wataupeleka kulekule chini. Wengine wataunganisha waya kutoka juu ya betri hadi chini yake na kuuona ukipata joto mkononi. Hapo mwezeshaji awaambie waachie mara moja, kwani hiyo ni shoti, umeme unapita kwenye waya bila kupitia balbu, na waya unaweza kuunguza. Msiwape jibu. Waacheni mpaka mmoja agundue kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, moja chini na nyingine ubavuni, na kwamba njia ya umeme lazima itoke upande mmoja wa betri, ipite ndani ya balbu, irudi upande wa pili. Mwambieni atafute njia nyingine, ziko nne. Kisha fungueni balbu moja iliyoungua, kwa koleo na kitambaa, mtazame waya zake mbili zilivyofungwa ndani.

Baada ya hapo njoni kwenye utabiri wenyewe. Chorea ubaoni betri mbili na balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfuatano, uulize: ipi itawaka zaidi, iliyo karibu na upande chanya, iliyo karibu na upande hasi, au zitalingana? Kila mtu aandike na kutoa sababu. Wanaodhani kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo wa umeme na kuiachia ya pili mabaki watatabiri tofauti ya mwanga, na balbu zitakapowaka sawa kutakuwa na jambo la kweli la kuzungumza. Kama balbu mlizonunua si za aina moja zitatofautiana kidogo, kwa hiyo zibadilishaneni nafasi mbele ya wote ili ionekane kwamba tofauti inaifuata balbu, haiifuati nafasi.

Nusu saa ya mwisho ni ya ufundishaji wenyewe. Muulizeni kila mmoja: ni wakati gani ulijihisi umekwama, mwezeshaji alifanya nini, na kama angekupa jibu ingekuwaje? Pasipo mazungumzo haya walimu huondoka na jaribio zuri la umeme bila kuona mbinu iliyokuwamo.

Hatua ya tano: Mazoezi madogo ya kufundisha, na nguvu ya kusubiri

Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Stanford kilianza kuwafundisha walimu watarajali kwa vipindi vifupi mno, vyenye lengo moja na wanafunzi wachache, vikirekodiwa na kurudiwa. Leo simu ya mkononi inatosha. Mwalimu mmoja afundishe wenzake kwa dakika 8 hadi 10, akiwa na stadi moja tu ya kufanyia mazoezi, nao wajibu kama wanafunzi wa kidato husika, wakitumia mawazo halisi yaliyomo kwenye faili la idara.

Stadi ya kwanza iwe kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi nchini Marekani, alikuta kwamba walimu huuliza swali na kusubiri kwa wastani wa sekunde moja au pungufu kabla ya kumtaja mtu, kurudia swali au kulijibu wenyewe. Na mwanafunzi akishajibu, mwalimu hudakia mara moja kwa sauti ya kusifu au kusahihisha. Vituo hivyo viwili vikirefushwa hadi sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu, wanaojitokeza huongezeka, na wanafunzi huanza kuulizana. Mwalimu asikilize rekodi yake akiwa na saa mkononi, apime kila kituo na kukiandika. Sijaona zoezi linalomgusa mwalimu haraka kuliko hili, kwa kuwa anayemkosoa ni sauti yake mwenyewe.

Katika mrejesho, wenzake waseme kwanza walichokiona na kukisikia bila hukumu, kwa mfano: uliuliza maswali saba, matano ulisubiri chini ya sekunde mbili, na aliyejibu mara tatu alikuwa mtu mmoja. Baada ya hapo mwalimu mwenyewe aseme angebadilisha nini. Ushauri utolewe mwishoni, tena akiuomba.

Stadi ya pili ni kupokea swali au jibu lisilotarajiwa. Tanzania ina mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda mapema kuliko ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa, na baadaye jambo hilo likageuzwa kuwa utani darasani. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi walicheka, lakini Osborne aliahidi kulifanyia jaribio, akalifanya, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala kuhusu tukio hilo. Wanasayansi hadi leo wanabishana juu ya sababu zake na hata juu ya lini hasa hutokea. Katika mazoezi, mwezeshaji aulize swali la namna hiyo kwa makusudi, na mwalimu ajizoeze kusema: hilo sina jibu lake, tulichunguze vipi? Sentensi hiyo husemwa kwa shida na mtu aliyezoea kwamba mwalimu lazima ajue, na ndiyo maana inahitaji kufanyiwa mazoezi mbele ya wenzake kabla ya kusemwa mbele ya wanafunzi.

Hatua ya sita: Swali la kura na mjadala wa jozi katika darasa kubwa

Eric Mazur wa Harvard alianza kutumia mbinu hii mwaka 1991, baada ya kuona kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri huku dhana za msingi zikiwa zimewapita. Katika shule zetu haihitaji kifaa chochote. Mwalimu anaandika swali ubaoni, kwa mfano: jiwe limerushwa wima kwenda juu na bado linapanda, tukipuuza hewa, ni kani zipi zinazofanya kazi juu yake? A, kani ya mkono inayopungua pamoja na kani ya uvutano; B, kani ya mkono peke yake; C, kani ya uvutano peke yake; D, hakuna kani mpaka litakapofika kileleni. Wanafunzi wanafikiri kimya kwa dakika moja, kisha kwa ishara ya mwalimu wote kwa pamoja wanaweka vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea. Vidole vikiwa kifuani, jirani haoni, na mwanafunzi mwenye haya hana sababu ya kumfuata aliye hodari.

Mwalimu anakadiria kwa macho. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, dhana yenyewe haijafahamika na anapaswa kuifundisha upya kwa njia nyingine. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kwa ufupi na kusonga mbele. Wakiwa katikati ya viwango hivyo, hasemi jibu, bali anasema: mtafute jirani aliyechagua tofauti na wewe, umshawishi kwa sababu. Baada ya dakika mbili au tatu wanapiga kura tena, na hapo ndipo mwalimu anaposikiliza maelezo na kufafanua kwamba jibu ni C, kwa kuwa mkono ukishaliachia jiwe hauna tena namna ya kulisukuma. Kipindi cha dakika 40 kinabeba maswali mawili ya namna hii, si zaidi.

Kuhusu lugha, msimamo wangu ni kwamba mjadala wa jozi uruhusiwe kufanyika kwa Kiswahili hata pale somo linapofundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta maneno hana nafasi ya kutafuta sababu, na kunyamaza kwake husomeka kama kutojua. Jozi zikishakubaliana, mwalimu awasaidie kuiweka hoja hiyo kwa Kiingereza sanifu cha mtihani, aiandike ubaoni, nao wainakili. Kwa njia hiyo lugha ya mtihani inafundishwa juu ya wazo ambalo tayari lipo kichwani.

Hatua ya saba: Pangeni kipindi kimoja pamoja, mkakitazame pamoja

Walimu wa Japani wana desturi ya zaidi ya karne moja ya kuandaa kipindi kimoja kama kikundi, mmoja wao akakifundisha darasani huku wengine wakiangalia, kisha wakakijadili na kukiboresha. Sehemu ya desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki kupitia SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ambao kauli yake ilikuwa kuandaa kipindi chenye shughuli, kinachomlenga mwanafunzi, chenye majaribio na zana zilizobuniwa kutokana na vitu vilivyopo, halafu kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba ujumbe unaoshuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa wakufunzi wa taifa hadi wilaya hadi shule, hupungua nguvu kila ngazi, na sehemu ya kutazama na kuboresha isipofanyika ndani ya shule yenyewe, inayobaki ni semina.

Kipindi kimoja kwa muhula kinatosha. Andalio la somo liandikwe na idara yote, na liwe na safu ya ziada yenye kichwa “Mwanafunzi anaweza kufikiri nini hapa”, ambayo hujazwa kwa msaada wa faili la hatua ya tatu. Siku ya kipindi, kila mtazamaji apewe wanafunzi watatu au wanne wa kuwafuatilia, akae karibu nao, aandike maneno yao kama yalivyosemwa, wala asiwasaidie. Asiandike chochote juu ya mwalimu. Sharti hili linabadilisha mazungumzo yote yatakayofuata, kwa sababu badala ya kumkagua mwenzao, walimu wanakaa kujadili kwa nini mwanafunzi wa dawati la nyuma alisema mvuke wa maji yanayochemka ni hewa iliyokuwa imejificha ndani ya maji. Kikao kifanyike siku hiyohiyo, aliyefundisha azungumze kwanza, na mwishoni andalio lirekebishwe ili mwalimu mwingine alifundishe katika mkondo wa pili wiki ileile.

Hatua ya nane: Pimeni kwa uelewa wa wanafunzi

Fomu za mwisho wa semina zinazouliza kama mshiriki ameridhika hazipimi chochote kinachotuhusu. Chagueni maswali manane hadi kumi ya dhana katika mada moja, yapimwe kabla ya mada na wiki mbili baada ya mada kumalizika. Tumieni kipimo cha Hake: toa wastani wa kwanza kutoka wastani wa pili, kisha gawanya kwa mia moja toa wastani wa kwanza. Darasa lililoanza na asilimia 30 likaishia asilimia 65 limepata 35 kati ya 70 zilizowezekana, yaani 0.5. Kipimo hiki kinatenda haki kwa darasa lililoanza chini, jambo ambalo wastani wa mtihani peke yake haulifanyi.

Walimu watauliza juu ya muda na mtihani wa taifa, na wana haki ya kuuliza. Ukweli ni kwamba mada za mwanzo zitakwenda taratibu. Idara ipitie azimio la kazi mwezi Desemba na kuchagua mada tatu au nne kwa kila kidato, zile ambazo wanafunzi huanguka mara kwa mara na ambazo mada nyingine huzitegemea, kama vile kani na mwendo, saketi, moli, usanisinuru na mgawanyiko wa seli. Hizo ndizo zipewe mbinu zote nne. Zilizobaki zifundishwe kwa kasi ya kawaida zikiwa na swali moja la kura kila kipindi. Anayeahidi mabadiliko ya mtaala mzima katika mwaka mmoja huwachosha walimu kabla ya likizo ya Juni.

Kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu

Hatua ya tatu hadi ya sita zinaweza kufanyika chuoni kabla ya mafunzo kwa vitendo, kwa sharti kwamba mkufunzi azitumie katika kufundisha kozi zake za sayansi na asiziache kwenye somo la mbinu peke yake, kwani mwalimu tarajali hufundisha jinsi alivyofundishwa. Anapokwenda shuleni, apewe kazi ya kurudi na karatasi za wanafunzi kwa swali moja la dhana, zikiwa zimepangwa katika mafungu na maelezo yake ya kurasa mbili. Mkufunzi anayemtembelea atazame kwanza karatasi hizo, ndipo atazame andalio la somo.

Mwalimu anapohamishwa

Mwalimu aliyeandaliwa vizuri huhamishwa, hupanda cheo au huenda masomoni, na shule nyingi hurudi zilipoanzia. Kinga yake ni faili la idara na mpangilio wa jozi. Kila mwalimu mpya, awe mwajiriwa wa kwanza au wa kujitolea, apangiwe mwenzake wa somo lilelile kwa muhula mmoja. Wiki ya kwanza asome karatasi za wanafunzi zilizomo kwenye faili. Wiki ya pili akae nyuma ya darasa la mwenzake akiwafuatilia wanafunzi watatu. Wiki ya tatu afanye zoezi dogo la dakika 10 la kusubiri, na kuanzia wiki ya nne aanze kutumia swali la kura darasani kwake. Anayeondoka naye aache maandalio yaliyorekebishwa, balbu, betri na waya katika kasha lenye orodha, na akabidhi kwa maandishi kwa mkuu wa idara kabla hajasaini barua ya uhamisho.